DVD ya harusi ina GB 4: namna ya kuibana bila kupoteza sura za watu

Kuna swali naulizwa karibu kila wiki, na wanaouliza wengi ni vijana ambao siku mkanda unapigwa walikuwa watoto wa kubebwa, au hawajazaliwa kabisa. "Kaka, nina DVD ya harusi ya wazazi, nataka iingie kwenye simu niirushe kwenye grupu la ukoo, lakini ina GB nne na ushee. Nitaibanaje iwe ndogo na picha isiharibike?" Leo nalijibu kwa kirefu, ili nikiulizwa tena niwe naelekeza watu hapa tu.

Kwanza jibu la harakaharaka kwa wale waliobakiwa na dakika kumi za kafe. DVD ya saa mbili yenye GB 4 inaweza kushuka hadi GB 1 au GB 1 na nusu, ukaiweka kwenye TV na usione tofauti. Hiyo ni bure kabisa, hupotezi kitu cha maana. Ukitaka ishuke hadi MB 100, hapo sasa unalipa, na unacholipa ni sura za watu. Halafu kazi hii inafanywa kutoka kwenye diski yenyewe, siyo kutoka kwenye faili ambalo mtu mwingine alishalibana. Haya, wenye muda tuendelee.

Kubana video ni kutupa. Programu inaangalia picha, inaamua hiki jicho halitakikosa, inakitupa, na kikishatupwa hakirudi. Ukilibana tena lile faili lililobanwa, linatupa tena juu ya kilichobaki, kama kutoa fotokopi ya fotokopi. Ndiyo maana nasisitiza diski.

Dada mmoja wa mtaani kwetu alikuwa na DVD ya sendofu yake ya mwaka 2006. Mama yake anaonekana humo akisimama kutoa nasaha kwa binti, dakika saba hivi. Mama alifariki miaka michache baadaye, na hakuna sehemu nyingine sauti yake imehifadhiwa. Huyu dada alipeleka diski kwenye duka moja la kuweka nyimbo kwenye simu, wakampa faili la 3GP, lile la simu za zamani, na diski yenyewe haikurudi. Faili hilo lilikuwa na picha ya pikseli 176 kwa 144. Piga hesabu: hizo ni pikseli 25,344. DVD yetu ya mfumo wa PAL ina 720 kwa 576, yaani 414,720. Zaidi ya mara 16! Kwenye kasimu ka enzi zile ilionekana safi. Leo ukiifungua kwenye simu ya kawaida, uso wa mama ni vibonge sita saba vya rangi ya kahawia, mdomo unajua tu upo kwa sababu sauti inatoka. Bahati nzuri upande wa bwana harusi walikuwa na nakala yao ya diski, imejaa mikwaruzo lakini inasoma. Kama isingekuwepo, basi.

Na hizi diski zenyewe hazina umri mrefu. Filamu ya dukani hutengenezwa kiwandani kwa kugandamizwa, vijishimo vyake ni vya kweli. Ya kwetu imechomwa: leza imebadilisha rangi maalum iliyo ndani ya plastiki, ndiyo maana nyingi ukizigeuza zina rangi ya zambarau kwa chini. Rangi hiyo inachoshwa na mwanga, joto na unyevu. Sasa fikiria diski iliyokaa miaka 15 juu ya TV Tanga au Dar, dirisha liko pembeni, na juu yake imebandikwa karatasi yenye picha ya maharusi. Karatasi ile inavutika na unyevu, inaipinda diski kidogo na kuiyumbisha ikizunguka. Nyingine zinasoma sherehe yote vizuri halafu zinagoma mwishoni, kwa sababu DVD huandikwa kuanzia katikati kwenda nje, na ukingo wa nje ndio unaoshikwashikwa na kuanza kuharibika. Mwisho wa mkanda wa harusi ni nini? Zawadi na nasaha za wazazi. Yale yale.

Kwa hiyo kazi ya kwanza siyo kubana. Ni kunakili diski nzima kama ilivyo. Kompyuta nyingi za siku hizi hazina sehemu ya kuingizia diski, tafuta kisomeo cha nje cha USB, hata cha kuazima. Ukifungua diski utakuta folda la VIDEO_TS. Ndani yake mafaili ya VOB ndiyo yenye picha na sauti, kila moja halizidi GB 1, kwa hiyo sherehe ndefu imekatwa vipande: VTS_01_1, VTS_01_2 na kuendelea. Ile VTS_01_0 ni menyu tu, yenye zile picha za mioyo inayoruka. Nakili folda zima, usichague mafaili. Kwa mwendo wa 1x kisomeo kinasoma MB 1.385 kwa sekunde, diski iliyojaa inachukua dakika 57. Kwa 8x inashuka hadi dakika kama saba, lakini diski mbovu hujipunguzia mwendo yenyewe, usishangae.

Kwa mnaofanyia kafe kuna mtego mmoja hapa. Flashi nyingi zimeandaliwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haukubali faili moja kuzidi GB 4. Ukinakili vipande vya VOB vinaingia bila shida. Ukitengeneza ISO ya diski nzima, faili moja la GB 4.37, flashi italikataa wakati ina GB 20 wazi, na utagombana na mhudumu bure. Iandae upya kwa exFAT, ukishatoa vitu vyako vyote kwanza, maana kuandaa upya kunafuta.

Diski ikigoma, isafishe kwanza. Maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kitambaa laini, unafuta kutoka katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka. Usifute kwa kuzungusha. Mkwaruzo unaokatiza njia ya leza unaharibu sehemu ndogo ambayo kisomeo kinaweza kuirekebisha, ila mkwaruzo unaoifuata njia unakula mfululizo. Dawa ya meno achaneni nayo, nimeona diski zilizofutwa hivyo, zinafanana na glasi za bafuni. Kisomeo kingine pia ni dawa: diski iliyogoma kwenye mashine moja husoma kwenye nyingine, hilo jaribu kabla ya kukata tamaa. Ikishindikana kabisa, wenye Linux wana programu ya bure inaitwa GNU ddrescue. Inasoma kwanza sehemu rahisi, inaruka mbovu, halafu inazirudia polepole. Inaweka daftari la ilichopata na ilichokosa, kwa hiyo unaweza kuzima leo na kuendelea kesho, hata kwa kisomeo kingine. Na kama mpiga video alichoma nakala tano zinazofanana, unaweza kuipa nakala ya shangazi ikajazia mapengo ya nakala ya mama. Mikwaruzo ya diski mbili ni nadra kuwa sehemu moja.

Wenye VCD, nyie mna habari tofauti. Fungua folda la MPEGAV, kuna AVSEQ01.DAT, nakili hilo na uishie hapo. VCD tayari imebanwa kupita kiasi: picha 352 kwa 288, diski mbili kwa harusi moja. Ukiibana tena unapoteza na husogezi kitu cha maana. VLC inalifungua faili hilo bila maneno. Na mshike kwa uangalifu upande wa juu, siyo wa chini tu, maana kwenye CD data imekaa chini ya lebo kabisa, mkwaruzo wa juu unaiua palepale. DVD ina nafuu, data yake iko katikati ya plastiki mbili.

Sasa tubane. Swali ambalo vijana hawalikosi: kama inaweza kuwa GB 1 na ikapendeza, kwa nini walichoma GB 4? Hawakuwa wajinga. DVD inatumia mfumo wa MPEG-2, wa katikati ya miaka ya 1990, uliotakiwa ufunguliwe na deki za bei rahisi za wakati ule. H.264 ilitoka mwaka 2003 na inafanya kazi ile ile kwa biti chache zaidi. Siri ya yote miwili ni kwamba haihifadhi kila picha. Inahifadhi moja kamili, halafu za baadaye inaandika tu kilichobadilika. Ukuta wa ukumbi haujasogea? Usiuandike tena. MC kasogea kushoto? Andika "sogeza MC kushoto". H.264 ni hodari zaidi wa kugundua nani kasogea wapi, ndipo nafasi inapookolewa.

Kuna jambo lingine. Wahariri wengi walikuwa wanaijaza diski tu. Sherehe ya saa moja na ya saa mbili zote zinajaza GB 4.7 za watengenezaji (ndizo kompyuta inazoziita 4.37), ila ya saa mbili ina wastani wa megabiti 5.2 kwa sekunde na ya saa moja karibu mara mbili ya hizo. Kuna waliobana saa nne kwenye diski moja ili kuokoa bei ya diski ya pili. Hiyo ya saa nne usitegemee ishuke sana, kilichokuwemo kilishatupwa siku ile ile.

Na hapa niseme kuhusu MB 700, maana bado nasikia watu wazima wanasema "video nzuri ni MB 700". Hiyo namba ilitoka enzi za DivX, mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu walipotaka filamu iingie kwenye CD moja. Ilikuwa ni ukubwa wa CD, basi! Filamu ya saa mbili kwenye MB 700 inapata kama kilobiti 800 kwa sekunde, sauti ikiwemo. Filamu ya watu wanaongea mezani inatosha. Harusi ya ndani ya ukumbi wenye taa za kuzunguka, haitoshi hata kidogo. Usiibane video kwa kuipangia ukubwa, ipangie ubora, halafu ukubwa ujileta wenyewe.

Programu ninayotumia ni HandBrake. Ni ya bure, ipo ya Windows, Mac na Linux, ilianza mwaka 2003 na bado inatunzwa hadi leo. Ichukue kwenye tovuti yake yenyewe tu. Haifungui kufuli za filamu za dukani, na sisi hatuna haja hiyo, diski hizi ni za kwetu. Ielekeze kwenye lile folda la VIDEO_TS ulilonakili. Itakupa orodha ya vipande, chagua chenye muda mrefu zaidi. Kama mhariri alitenganisha kanisani na ukumbini, utakuta viwili virefu, fanya kimoja kimoja. Kwenye mipangilio ya tayari anza na "Fast 576p25", halafu tunabadilisha vitu vichache.

Cha kwanza, na ndicho wengi wanakiruka, ni mistari. Umeshaona video ya zamani kwenye kompyuta, mtu akipunga mkono unakuwa na meno kama kitana? Kamera za wakati ule hazikupiga picha 25 kamili kwa sekunde. Zilipiga nusu-picha 50: nusu moja ina mistari ya 1, 3, 5, na nusu inayofuata ina ya 2, 4, 6. TV ya kioo cha mgongo ilizionyesha kwa zamu na mwendo ukawa laini kabisa. Skrini ya kompyuta na simu inaonyesha zote mbili kwa pamoja, na kwa kuwa zilipigwa kwa nyakati mbili tofauti, mkono unaonekana sehemu mbili. Hayo ndiyo meno ya kitana. Ukibana bila kuyatoa umeyagandisha humo moja kwa moja, na isitoshe programu inapoteza biti nyingi kuchora meno badala ya sura. Nenda kwenye vichujio, kwenye "Deinterlace" chagua "Yadif", na palipoandikwa "Default" weka "Bob". Ule wa kugundua mistari uzime. Halafu kwenye video weka picha 50 kwa sekunde badala ya 25. Kila nusu-picha inageuzwa kuwa picha kamili, na watu wanacheza kwaito kwa ulaini ule ule wa siku ile. Faili litaongezeka kidogo, na mimi naona inalipa. Ukiwa na haraka au simu za wapokeaji ni dhaifu, acha "Default" na 25, meno yatatoka vilevile, ila mwendo utakuwa na kastukastuka kidogo.

Ukubwa wa picha usiuguse. Wapo wanaoipandisha DVD hadi 1080 wakidhani itakuwa HD. Haiwi, unavuta tu chapati ile ile ifunike sinia kubwa, na faili linakua. Wapo wanaoishusha hadi 360 ili ipungue, hao wanatupa nyuzi za vitenge na macho ya watu. Iache 720 kwa 576. Pikseli za DVD siyo mraba, programu inajua, acha pale palipoandikwa "Automatic" na watu hawatakuwa wanene wala wembamba. Kukata kingo nyeusi sawa. Kama mkanda ulianzia VHS, chini kabisa utaona mstari unaochezacheza kama maji, kata pikseli nane au kumi za chini. Mstari ule haunyamazi hata sekunde moja, kwa hiyo unakula biti mkanda mzima.

Sasa ubora. Kuna kitelezi kimeandikwa RF. Namba ikiwa ndogo ubora unapanda na faili linakua, namba ikiwa kubwa kinyume chake. Kwa picha za DVD watengenezaji wenyewe wanashauri 18 hadi 22. Mimi naanza na 20. Ukiongeza 6 faili linakuwa kama nusu, ukipunguza 6 linakuwa kama mara mbili, hiyo ikusaidie kukisia. Uzuri wa RF ni kwamba haigawi biti sawasawa kama sahani za pilau. Padri anasoma, kamera iko kwenye miguu yake mitatu, inatumia kidogo sana. Maharusi wanaingia, vigelegele, watu wanarusha vikaratasi vinavyong'aa, inamwaga. Vikaratasi vile ni adui namba moja, kila kimoja kinaruka njia yake na hakuna kinachofanana na picha iliyotangulia. Adui namba mbili ni mhariri na zile nyota alizozitawanya kwenye skrini nzima kila wimbo ukibadilika. Kwa mikanda niliyopitisha, saa moja ya misa kwa RF 20 inaweza kukaa MB 350, na saa moja ya ukumbini ikapita MB 800. Zote ubora sawa.

Usifanye saa mbili zote kisha ugundue hujapenda. HandBrake inakuruhusu kuchagua kipande kwa sekunde. Chukua dakika mbili za sehemu mbaya kuliko zote, ukumbini, taa zimezimwa, watu wanacheza. Bana kwa 18, 20 na 22. Zitazame kwenye skrini kubwa kuliko ya simu. Angalia sehemu mbili tu: nyuso za watu wa nyuma, na giza la pembeni. Giza likianza kuwa na vibonge vinavyotembea, rudi chini. Video hizi hazina maana bila watu wa nyuma. Bi harusi ana picha mia tano, ila yule babu aliyekaa meza ya nne pengine yuko humu tu.

Kuna vipele. Kamera za wakati ule gizani zilijaza picha vipele vinavyotetemeka, na programu inavihesabu kama mwendo. Kwenye "Denoise" chagua "NLMeans" na uweke "Ultralight". Faili litapungua na hutaona tofauti. Ukipanda hadi "Strong" watu wote wanakuwa kama wanasesere wa plastiki, mikunjo ya bibi imefutwa. Usifanye hivyo. Halafu ina uzito, laptop ya zamani itachukua saa nyingi, iache usiku.

Ukiiacha usiku unajua kinachofuata: umeme. Faili la MP4 huandikiwa faharasa yake mwishoni, kwa hiyo umeme ukikatika kwenye asilimia 96, faili halifunguki, umepoteza usiku wako. MKV ukikatika katikati, kilichokwisha kuandikwa kinachezeka. Kwa hiyo wenye kompyuta isiyo na betri nzuri, chagueni MKV, ikimalizika salama mnaweza kuigeuza MP4 baadaye bila kubana upya. Zipo programu za bure zinazofanya hivyo kwa dakika chache.

Sauti wengi wanaisahau, na mimi naona nasaha bila sauti safi ni kazi bure. DVD nyingine zina sauti isiyobanwa kabisa, MB 691 kwa kila saa! Mkanda wa saa mbili, karibu GB 1.4 ni sauti peke yake. Igeuze kuwa AAC ya kilobiti 160, inashuka hadi MB 72 kwa saa na sikio halitalalamika. Kilobiti 128 pia inatosha kwa hotuba. Na kama sauti inatoka sikio moja tu, kwa sababu maiki ya MC ilichomekwa upande mmoja wa kamera, kwenye mchanganyo wa sauti kuna chaguo la upande wa kushoto pekee au wa kulia pekee. Chagua ule wenye sauti, itasikika kote kuwili.

Nimesikia watu wanauliza kuhusu H.265. Ni mpya zaidi, ya mwaka 2013, na inabana zaidi. Lakini TV ya shangazi kijijini na kompyuta za kafe nyingi zinaigomea au zinakwamakwama. Kwa kitu cha kugawa kwa ukoo mzima, H.264 inafunguka kila sehemu. Zile njia za haraka zinazotumia kadi ya picha nazo ni haraka kweli, ila kwa ubora ule ule faili linakuwa kubwa zaidi. Kwa mkanda unaoubana mara moja maishani, subiri.

Imekwisha? Itazame mwanzo, katikati na dakika za mwisho, na uhakikishe midomo na sauti vinakwenda pamoja hadi mwisho. Lile folda la VIDEO_TS usilifute. Liweke kwenye diski ngumu mbili za nyumba mbili tofauti, kwa sababu miaka kumi ijayo mtu atataka kubana kwa mfumo ambao hatujausikia bado, na atahitaji kuanzia pale pale.

Ukiituma WhatsApp usiitume kama video, itaibana upya na kazi yako yote imekwenda. Itume kama dokumenti, inapitisha hadi GB 2 tangu mwaka 2022, na inafika kama ulivyoitoa. Ikizidi hapo, ikate misa na ukumbi. Waambie wapokeaji wapakue kwa Wi-Fi, maana GB 1 na nusu ya bando siyo mchezo, watakusema vibaya kwenye grupu.

Vile vidiski vidogo vya sentimita nane vya kamera za DVD ni kesi yake. Vingi havikufungwa baada ya kurekodi, kwa hiyo kompyuta inaviona vitupu wakati vimejaa. Usikubali kompyuta ikikuuliza kama uviandae upya. Tafuta kamera ile ile, au ya aina ile ile, na uvifunge nayo kwanza. Mwenye diski iliyogoma kabisa aandike hapo chini ilichomwa na nini, kamera, deki au kompyuta, na mwaka gani, maana dawa zake hazifanani.